Fundi anataka kuanza na marumaru Jumatatu: jibu kwa dada wa nyumba ya Sinza

"Shikamoo mhandisi. Mi na mume wangu tumehamia nyumba ya marehemu baba ipo Sinza, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 80, vyumba vinne, tofali za kulaza, bati la kawaida la migongo midogo. Tumedunduliza milioni 38 tunataka tuikarabati yote kwa mkupuo tusirudie tena. Tunataka marumaru nyumba nzima, jipsamu, madirisha ya aluminiamu, kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko ili jiko liwe la wazi, chumba kimoja kiwe masta, na ikiwezekana paa la kuficha kama nyumba za sahivi. Shida zilizopo: kuta zinamenyuka rangi kwa chini kama kiuno hivi, kuna unga mweupe, kuna ufa kwenye kona ya dirisha la chumba cha nyuma, mvua ikiwa kubwa koridoni panavuja, na tukiwasha hita ya kuogea taa zinafifia. Fundi wetu kasema hayo ni madogo, atapiga rangi ya mafuta chini na ufa ataziba, aanze na marumaru Jumatatu ili tuone mabadiliko haraka. Ukuta wa jiko kasema ni wa ndani haubebi kitu. Mdogo wangu wa kiume hataki tuguse chochote, lakini yeye hakai hapa. Tutakuwa tunaishi humo humo na watoto. Tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeandika vizuri kuliko wateja wangu wengi, maana wengi huwa wananitumia picha ya nyumba ya mtu waliyoitoa Pinterest wananiuliza "hii bei gani". We umenieleza nyumba yako inaumwa wapi, na humo ndo kazi yenyewe ilipo.

Kwa jinsi nilivyokusoma una hofu mbili zimekaa pamoja. Moja ni hela isiishie njiani. Ya pili hujaisema lakini inaonekana, unahisi fundi anakukimbiza. Nianze na hiyo ya pili. Fundi wako si lazima awe tapeli. Marumaru zinampa kazi ya haraka, zinampa picha ya kuonyesha wateja wengine, na wewe unafurahi unalipa. Ila kwa nyumba yako hiyo marumaru zikianza Jumatatu, nina uhakika utazivunja baadhi kabla ya miaka miwili kuisha, maana chini yake mabomba hayajaguswa na maji taka ya hiyo masta yako mpya lazima yapite kwenye sakafu hiyo hiyo. Masta maana yake choo kipya, choo kipya kina bomba la inchi 4 linatakiwa kutoka nje kwenda chemba kwa mteremko, sasa litapita wapi kama sakafu imeshafunikwa?

Kabla ya saruji kuna la mdogo wako. Najua hukuniuliza, uliligusia tu kama la pembeni, mi naliweka mbele. Nyumba ni ya marehemu baba. Je mirathi imefunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Nyumba imeshagawiwa ikawa yako, au bado ni ya warithi wote? Kama bado ni ya wote, hizo milioni 38 unaziweka kwenye mali ya watu wengi, na siku mkija kugawana kuna mtu atasema "nani alikutuma". Nimeona ndugu wamegombana mbele yangu kwenye saiti mafundi wameshika koleo wanasubiri nani ana amri. Kaeni chini, muandikiane kwamba fulani anakarabati kwa hela yake, kiasi hiki, na itahesabiwa vipi huko mbele, msimamizi wa mirathi asaini na mashahidi wawepo. Wakili wa kuandika karatasi kama hiyo hana gharama kubwa ukilinganisha na jipsamu. Alafu inawezekana mdogo wako akikalishwa akaulizwa hofu yake ni nini, ikawa ni hiyo hiyo tu, kwamba mkishatengeneza mtaihesabu yenu.

Haya twende kwenye nyumba.

Sinza si mtaa uliojiotea wenyewe. Ule ni mradi wa viwanja wa miaka ya 70 uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, watu wakapewa kiwanja kilichopimwa kila mtu ajenge kwa uwezo wake. Kwaiyo nyumba nyingi za pale zimejengwa kidogo kidogo, vyumba viwili kwanza, baadae koridoni, baadae choo kikaingizwa ndani. Na mwanzoni mwa miaka ya 80 vitu vilikuwa adimu nchi nzima, saruji ukiipata ni bahati. Nakwambia hivi kwasababu nyumba unayoiona moja inawezekana ni nyumba tatu zilizoshikana, kila kipande na msingi wake na mchanganyiko wake wa tofali. Fanya hivi: chukua msumari wa inchi 4, tafuta sehemu lipu imedondoka, kwangua tofali. Kwangua chumba cha mbele, alafu cha nyuma. Kama sehemu moja msumari unachora tu mstari na sehemu nyingine unachimba mchanga unamwagika kama sukari, umeshajua kipande kipi kilijengwa wakati wa shida.

Na huo ufa wa kona ya dirisha la chumba cha nyuma, mi nauona ni wa namna hiyo kabla hata sijaja, ingawa naweza kukosea. Nyufa za nyumba zinapenda kona za madirisha na milango kwasababu pale ukuta umepungua nguvu, kitu kikivutwa kinachanika palipo na tundu, kama kanga inavyochanika kuanzia penye tundu la sigara. Kitu cha kujua ni kama unatembea au umelala. Usiuzibe kwanza. Chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa juu na chini, andika tarehe, alafu pima upana kwa rula sehemu moja ile ile kila mwezi. Ufa mwembamba kama unywele uliokaa miaka 20 bila kusogea huo ni wa lipu tu, unazibwa yanaisha. Ufa unaopita upande wa pili wa ukuta ukauona na nje, ufa ambao umepita milimita 5, au ule ambao juu ni mpana kuliko chini na mlango wa chumba hicho umeanza kugoma kufunga, huo ni msingi unaongea. Pita nje hapo hapo nyuma uangalie: kuna bomba linavuja? Kuna mti mkubwa? Kuna shimo la choo la zamani lililofukiwa? Mara nyingi chanzo kinakuwa ndani ya hatua tano kutoka kwenye ufa.

Sasa huo unga mweupe kiunoni, hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo watu wa Dar wanapoteza hela kila mwaka.

Ukuta wa tofali una vitundu vidogo vidogo visivyoonekana. Unajua utambi wa chemli? Mafuta yako chini, moto uko juu, hakuna anayeyasukuma lakini yanapanda. Ukuta wako ndo utambi, na mafuta ni maji ya ardhini. Nyumba za sasa tunaweka karatasi ya nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza kozi za ukuta, ndo inaukata utambi. Za zamani nyingi haikuwekwa au imeshaoza. Maji yakipanda yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga, yanafika usawa fulani yanakauka, maji yanaondoka chumvi inabaki, inaumuka ndani ya lipu na kuisukuma itoke. Huo ndo unga wako. Chumvi nayo ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kwaiyo hata kiangazi ukuta unabaki na jasho.

Fundi kasema atapiga rangi ya mafuta chini. Fikiria anachofanya: anauziba ukuta usipumue kwa chini. Maji hayajakatwa, yanachofanya ni kupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Leo unga uko kiunoni, mwakani uko kifuani, na mstari wa rangi ya mafuta umevimba mapovu. Kubandika marumaru ukutani hadi mita 1 ni kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Dawa yake inaanzia nje, na ya kwanza haina gharama kubwa. Simama barabarani uangalie nyumba yako. Mitaa mingi ya Sinza barabara zimenyanyuliwa, majirani wamejaza vifusi, nyumba ya mzee imebaki shimoni, udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani. Kama ndivyo ilivyo kwako, ukuta unanyonya maji kwa ubavu hata ukiweka nailoni ya dhahabu. Chimbua udongo kuzunguka nyumba mpaka nje kuwe chini ya sakafu ya ndani walau sentimita 15, weka mteremko maji yakimbie, jenga mfereji, na funga gata kwenye bati ili maji ya paa yasidondoke miguuni pa ukuta. Kwa nyumba nyingi hilo tu linapunguza tatizo zaidi ya nusu. Alafu ndani bandua lipu yote yenye chumvi, upite alama ya unyevu kwa sentimita 30 hivi kwenda juu, uache tofali wazi zikauke. Mafundi wa zamani wana kanuni kwamba ukuta unakauka inchi 1 kwa mwezi 1, ukuta wako wa tofali za kulaza una inchi 9, piga hesabu mwenyewe. Si lazima usubiri yote hiyo kabla ya kupiga lipu mpya, ila miezi miwili mitatu ya kiangazi ni lazima, na baada ya hapo rangi iwe ya maji, ile inayoruhusu ukuta kupumua.

Ikiwa baada ya kushusha udongo bado ukuta unapandisha, zipo njia mbili: kukata ukuta kidogo kidogo kwa chini na kuingiza nailoni, kipande kisichozidi mita 1 kwa wakati huku kingine kimekauka, au kutoboa mashimo na kudunga dawa ya kuzuia maji. Ya kwanza inafanya kazi kweli ila inataka fundi mwenye roho ya subira, ukikata ukuta mzima siku moja umejidondoshea nyumba. Ya pili ni safi ila dawa nyingine zinazouzwa ni maji ya rangi tu, na kwenye tofali lililooza kama sukari haishiki.

Kabla ya yote hayo hakikisha kweli ni maji ya ardhini maana bomba linalovuja ndani ya ukuta linafanana nayo. Funga koki zote usiku, hakikisha tenki limejaa na choo hakivuti maji, kasome mita ya maji, asubuhi kasome tena. Kama namba imesogea na hamna aliyefungua bomba, una mvujo. Nyumba ya umri huo mara nyingi ina mabomba ya chuma, na bomba la chuma linaoza kuanzia ndani, kwa nje unaliona zima kabisa. Mi kwenye ukarabati wa nyumba nzima sijadilianagi hapo, mabomba ya chuma yote yanatoka.

Koridoni panapovuja ni juu, na juu kunatangulia chini, kwaiyo paa ndo kazi yako ya kwanza ya saiti. Kuna kosa nililifanya nikiwa bado kijana, nalisema bila aibu sahivi. Mteja wa Tabata aliniharakisha ana harusi ya mwanae, nikaweka jipsamu kabla hatujajaribu paa kwa mvua, nikajiambia bati tumeziba matundu yote kwa lami inatosha. Mvua ya kwanza ya vuli, saa nane usiku, kipande cha sebuleni chote kilishuka juu ya sofa ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani. Nililipa mimi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia siling kabla ya mvua namwambia atafute mwingine.

Mpandishe mtu darini, na wewe panda kama unaweza, mchana jua likiwa kali. Zimeni taa muangalie, kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Alafu shika bisibisi chomachoma mbao za kenchi, yani zile zinazobeba paa, hasa ncha zinazolala kwenye mtambaa panya (mbao iliyolazwa juu ya ukuta), na fishabodi nzima, ile mbao ya ukingoni mwa paa. Mbao nzima inagoma. Mbao iliyoliwa na mchwa bisibisi inaingia kama kwenye papai lililoiva, kwa nje rangi bado iko nzuri. Kama kenchi ni nzima unabadilisha bati na papi zilizochoka tu, zile mbao nyembamba bati linapopigiliwa. Kama ncha zimeoza kenchi zinabadilishwa, na hapo bajeti inaruka, ndo maana lazima ujue sasa na sio wiki ya nne. Kwenye kununua bati kumbuka geji, ile namba ya unene, inaenda kinyume, namba ndogo ndo nene, 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni ya banda la kuku hata muuzaji akikuapia kwa mama yake.

Paa likiwa lile la shiti nyeupe-kijivu zinazovunjika kama kigae, simama hapo hapo. We umesema ni bati kwaiyo umepona, ila nyumba za umri huo nyingi zina asbesto angalau bandani au chooni cha nje. Ukiikuta usikate, usitoboe, usiipasue, vumbi lake ndo linaloua mapafu na halionekani leo wala kesho. Waulize watu wa mazingira, NEMC, utaratibu wa kuitoa na wapi pa kuitupa.

Paa la kuficha nakukatalia waziwazi. Napenda jinsi linavyoonekana. Lakini lile paa linataka ukuta upandishwe juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, kuzunguka nyumba yote, huo ni uzito wa tofali mamia juu ya msingi wa 1980 na kitu ambao haukuhesabiwa, na mbaya zaidi maji yote ya mvua unayakusanya kwenye gata lililoko ndani ya nyumba badala ya kuyatupa nje. Jani moja la mwarobaini likiziba tundu, masika hiyo unaogelea. Kwa nyumba mpya yenye msingi wake na fundi anayejua, sawa. Kwa yako baki na paa la kumwaga maji nje, ziada urefushe bati litokeze nje ya ukuta sentimita 60, linakukinga kuta na madirisha, jua na mvua.

Ukuta wa sebule na jiko. "Ni wa ndani haubebi kitu", hii kauli imevunja nyumba nyingi. Ukuta kuwa ndani sio kigezo. Mafundi seremala wa zamani walikuwa wanabana mbao, wakikuta kuna ukuta katikati wanaegemeza kenchi pale, wanaweka kinguzo kifupi kutoka juu ya ukuta hadi kwenye mgongo wa paa. Ukiutoa huo ukuta paa halidondoki siku hiyo, ndo maana mafundi wanaamini walikuwa sahihi. Linalala taratibu, kenchi zinafunguka kama miguu ya mtu anayeteleza, zinasukuma kuta za nje, na baada ya mwaka unaona ufa mpya juu ya madirisha unasema Sinza ina tetemeko. Mkiwa darini siku hiyo hiyo angalieni juu ya huo ukuta: kuna mbao yoyote imekaa juu yake? Kuna lenta ya zege inapita? Kama kuna kimojawapo, chukulia ukuta unabeba.

Hapo una njia tatu. Kuuondoa wote na kuweka boriti ya zege au chuma inayokalia nguzo mbili zenye msingi wao, na hiyo lazima mhandisi akuhesabie nondo, sio kukisia, na mirunda ikae chini ya zege wiki tatu hadi nne. Njia ya pili, ambayo kwa bajeti yako mi ningeichukua, ni kuacha lenta ilivyo na kufungua chini yake tu uwazi wa mita 1.5 hivi, bado mtaonana, bado utamuona mtoto akiwa sebuleni, na kichwa cha nyumba hakijaguswa, ila na hilo mtu aje alione kwanza. Ya tatu ni kuacha kabisa. Nakuuliza tu kidada, jiko la wazi umelitamani kwa macho au kwa pua? Dagaa wakikaangwa kwenye jiko la wazi wanakaangwa hadi kwenye mapazia ya sebule. Wapo wateja wangu wawili waliorudi kuniomba niwajengee ukuta.

Hita na taa kufifia. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 inavuta ampia karibu 22 kwa umeme wetu wa volti 230. Fundi aliyeifunga huenda ameiunga kwenye waya wa soketi wa 2.5 (namba hizi ni unene wa waya, milimita za mraba) uliopita na vitu vingine, au mbaya zaidi kwenye waya wa taa wa 1.5. Joto la waya halipandi sawa na umeme unaopita, umeme ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne, na linakaa kwenye maungio yaliyolegea ndani ya ukuta ambako hakuna anayeona. Taa kufifia ndo nyumba inakwambia. Hita iwe na waya wake peke yake kutoka meni swichi, 4 au 6 kulingana na umbali, na breka yake. Fungua soketi moja uone rangi za waya, kama ni nyekundu na nyeusi ni wa zamani. Angalia pia kama waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, upo kweli, na nje kama kuna fimbo ya ethi imezikwa au imeng'olewa na watu wa vyuma chakavu. Kwenye boksi jipya dai kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30, una watoto. Kwa umeme mchukue fundi mwenye leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe. Na mpaka atakapokuja msioge kwa hita hiyo, chemsheni maji kwenye sufuria kama tulivyokua.

Milioni 38 hazitoshi orodha yako yote. Zinatosha kuifanya nyumba kavu, salama, na yenye maji na umeme mpya, na kupendeza sehemu. Toa kwanza asilimia 20, yani milioni 7.6, weka akaunti nyingine usiitaje mbele ya fundi hata siku moja. Nyumba ya zamani lazima ikutolee kitu ulichokuwa hukijui. Zinabaki 30.4. Hizo zinaingia paa, nje na mfereji, maji safi na maji taka, kuta, umeme, lipu, ndo zinafuata madirisha, siling, sakafu, rangi mwisho, makabati mwisho kabisa. Zikiishia kwenye lipu, sawa, mtakaa kwenye nyumba yenye sakafu ya zamani ila haivuji na haiungui. Na hiyo sakafu, nahisi ni ile ya saruji nyekundu ya kusuguliwa nta? Mama zetu walizisugua zikang'aa kama kioo. Usiione ya kizamani. Alafu marumaru zikibandikwa moja kwa moja juu ya nta ya miaka 40 hazishiki, baada ya muda ukizigonga zinalia kama debe. Siku ikifika lazima igongwegongwe kwanza yote iwe na makovu. Kwa sasa ziweke marumaru jikoni na bafuni tu.

Kibali msikiruke. Kupaka rangi na kubadilisha vitasa hakuna shida, lakini kuvunja ukuta, kuongeza choo, kubadilisha paa hiyo ni kazi ya kwenda manispaa, na mtaarifu mwenyekiti wa mtaa. X nyekundu ukutani inasimamisha kazi mafundi wakiwa wameshakula advansi. Fundi naye muandikiane, kazi gani, kwa siku ngapi, malipo kwa hatua iliyoonekana na sio kwa wiki, materio ununue mwenyewe au mume wako aende dukani na fundi, na asilimia 10 ya ufundi ibaki mikononi mwenu mpaka mvua kubwa moja ipite.

Kuishi humo humo na watoto inawezekana kwa baadhi ya hatua tu. Wakati wa paa na umeme hameni, hata wiki tatu kwa ndugu, bati likitolewa usiku mmoja wenye mvua unamaliza magodoro yote. Wakati wa lipu na maji taka mnaweza kugawa nyumba, vyumba viwili mnakaa, viwili vinafanyiwa kazi, mlango wa koridoni mnaufunga kwa nailoni na jiko linahamia uani. Mtoto mwenye pumu asikae humo kabisa wakati wa kubandua lipu. Paa lianze kiangazi cha Juni hadi Septemba, sio Machi.

Kuna mambo mimi kwa maandishi sitakusaidia. Ufa ukiwa unatembea, ukuta ukiwa unatakiwa kutoka, kenchi zikiwa zimeoza, au sakafu imezama upande mmoja, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, aje na miguu yake, umlipe ya siku moja ya ukaguzi aandike ripoti. Mkadiriaji majenzi akiwapigia BOQ, yani orodha ya kazi na vifaa na gharama zake, ndo mtakuwa na kitu cha kumlinganishia fundi bei, sahivi mnalinganisha na maneno yake mwenyewe. Na ukisikia harufu ya plastiki kuungua au swichi imekuwa ya moto mkononi, zima meni swichi usiku huo huo.

Jumatatu mwache fundi aje, usimvunje moyo, inawezekana ni mzuri wa marumaru na utamhitaji. Mwambie tu aje na ngazi na bisibisi, marumaru zibaki dukani. Apande darini yeye, na we mshikie tochi.